Somo la 8: Binti wa Yairo na Watoto wa Wodi Moja

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Marko 5:21–43, Yohana 9:1–3, 2 Wafalme 20:1–7, Kutoka 35:20–29, Kutoka 36:3–7, 2 Wafalme 12:9–15, 2 Wakorintho 8:1–21, 1 Wathesalonike 4:13–18.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:2. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti pamoja na darasa lako, kisha ulihifadhi moyoni.

Kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani, tangu wachanga hadi wa miaka 19, hupata saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini wanaopona hawafiki 30 katika kila 100. Ugonjwa ni ule ule, na dawa nyingi zinazotumika ni zile zile. Kinachotofautiana ni siku ambayo mtoto alifikishwa hospitali, njia aliyopita kufika huko, na kama alibaki hapo mpaka matibabu yakamalizika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani wawe wanapona.

Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika tunaijua njia hiyo. Mtoto hutolewa Ujiji, Katonga au kijiji cha mwambao ambako hakuna barabara, akapandishwa boti hadi Kibirizi, kisha akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Wengine huanzia Hospitali ya Waadventista ya Heri, huko milimani upande wa Manyovu. Daktari akidhani ni saratani, mtoto huandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa Reli ya Kati, kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200.

Mara nyingi safari hiyo huanza kwa familia kukaa mkekani na kuhesabu fedha. Kisha huja kanisani, na pengine msikitini kwa majirani, kuomba mchango. Juma hili tutafuatana na Yairo, baba aliyemtafuta Yesu kando ya ziwa kwa ajili ya binti yake. Tutajiuliza: Familia yenye mgonjwa imwombe nani, iombe nini, na mchango ukipatikana utunzwe namna gani? Tena, je, upendo wetu huishia kwa mtoto wetu, au hufika mpaka kitanda cha jirani yake?

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*


JUMAPILI

Baba Aliyeanguka Miguuni

Soma Marko 5:21–24. Yairo alikuwa mtu wa namna gani katika mji wake? Alifanya nini mbele ya mkutano, na kwa nini?

Yairo alikuwa mmoja wa wakuu wa sinagogi. Watu walizoea kumwona akiketi mbele. Siku hiyo walimwona chini, miguuni pa Yesu, akisihi sana. Hakutuma mtumishi, wala hakungoja giza liingie. Binti yake alikuwa katika kufa, na heshima ya baba haikuwa na thamani kuliko uhai wa mtoto.

Wazazi wengi hukawia kwa sababu ya haya. Wengine hukawia kwa sababu ya hofu. Uvimbe ukitokea, maneno huanza mtaani: mtoto amerogwa, mama alivunja mwiko, baba ana deni na mizimu. Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi nao walitaka kumpata mwenye kosa, lakini Yesu alikataa swali lao. Hakukubali kwamba ugonjwa wa yule kipofu ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Mzazi wa mtoto mwenye saratani anahitaji kusikia jambo hilo kanisani, tena waziwazi, kabla hajalisikia lile jingine kwa mganga.

Wengine hukawia kwa sababu wanaona kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alikwisha kumwahidi Hezekia uponyaji. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikaa katika chumba kimoja bila kugombana.

Basi tuzijue dalili. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe gizani au katika picha. Uvimbe wa taya, na meno yanayolegea bila sababu. Tumbo linalovimba upande mmoja. Homa isiyokwisha hata baada ya kutibiwa malaria. Weupe wa viganja, michubuko au damu ya pua inayorudi rudi. Maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku. Dalili hizi si lazima ziwe za saratani, lakini kila moja inatosha kumpeleka mtoto akapimwe.

Uvimbe wa taya una habari yake katika Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mkristo mcha Mungu aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye alimwona mwingine Jinja mwenye hali ile ile. Hakuyapuuza aliyoyaona. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, mmoja wao mmisionari, walisafiri kwa gari kuukuu kwa majuma kama 10, wakipita hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi, Tanganyika ikiwamo. Waligundua kwamba uvimbe huo huonekana zaidi katika nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi, kama mwambao wetu ulivyo. Tena ilijulikana kwamba, ingawa unakua upesi mno, hushindwa na dawa ukiwahiwa. Hadi leo unaitwa kwa jina la daktari huyo.

*Tafakari: Je, kuna mzazi katika mtaa wako anayeficha ugonjwa wa mtoto kwa haya au kwa hofu? Ni neno gani unaloweza kumwambia juma hili, na ni nani aende nawe?*


JUMATATU

Mwanamke Aliyetumia Vyote

Soma Marko 5:25–34. Fungu la 26 linasema nini juu ya mali ya mwanamke huyu? Kwa nini Marko aliona vema kuliandika jambo hilo?

Marko hataji jina la mwanamke, bali anataja gharama zake. Kwa miaka 12 alikwenda kwa waganga wengi, akateswa, na vyote alivyokuwa navyo vikaisha, wala hakupata nafuu. Biblia inajua kwamba ugonjwa hula mwili na nyumba pamoja.

Tuseme wazi jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Katika nchi yetu, mtoto mwenye saratani hana sababu ya kukaa nyumbani akingoja kufa eti kwa kuwa wazazi hawana fedha za matibabu. Huduma ya watoto wenye saratani, iliyoanzia Taasisi ya Saratani Ocean Road, baadaye ilihamia Hospitali ya Taifa Muhimbili. Huko shirika la Kitanzania liitwalo Tumaini la Maisha hushirikiana na serikali ili watoto watibiwe bila malipo, na wazazi wao wapate mahali pa kukaa. Bugando nako watoto wenye saratani hutibiwa. Katika hospitali hizi kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na hiyo ndiyo mlango wa kwanza kwa mzazi asiye na uwezo.

Hata hivyo, dawa kutolewa bure si mwisho wa gharama. Tufikirie familia moja ya mfano huko Ujiji. Baba ni mvuvi wa dagaa, mama huuza mawese sokoni. Mtoto wao wa miaka sita ana saratani ya damu. Matibabu ya ugonjwa huo yaweza kuendelea kwa miaka miwili hadi mitatu. Mama anaondoka na mgonjwa, kwa hiyo biashara ya mawese inakufa. Bibi anabaki na watoto wengine wanne. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mama, sabuni, nguo, vocha ya simu, na kipimo ambacho siku hiyo hakipatikani hospitalini. Baada ya miezi miwili mtoto ana nafuu: homa imekwisha, anacheza. Nyumbani wanapiga simu wakisema, “Mama, mbona kapona? Rudi, watoto wanateseka huku.” Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mtoto akitolewa kabla ya dawa kumalizika, ugonjwa hurudi, na ukirudi huwa mgumu zaidi kuliko mwanzo.

Kwa hiyo, mchango unaohitajika zaidi waweza kuwa ule usioonekana hospitalini kabisa. Gunia la mahindi kwa bibi aliyebaki Ujiji laweza kumfanya mama akae Dar es Salaam mwezi mmoja zaidi, na mwezi huo ukamwokoa mtoto.

Sasa tazama jambo jingine katika habari hii. Yesu alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, naye akasimama kwa ajili ya mwanamke. Yairo alingoja. Binti yake alikuwa na umri wa miaka 12, na mwanamke alikuwa ameugua miaka 12. Bila shaka moyo wa baba uliungua. Lakini Yesu hakumwambia mwanamke aende zake kwa kuwa mtoto wa mkuu anakufa. Wala hakumwacha Yairo. Katika njia moja wagonjwa wawili walikuwa na nafasi, na mmoja hakumpunguzia mwingine kitu.

*Tafakari: Ungekuwa Yairo, ungejisikiaje Yesu aliposimama? Kwa nini ni vigumu kuona mahitaji ya mwingine wakati mtoto wako mwenyewe yuko hatarini?*


JUMANNE

Kutoka Mtoto Wetu Hadi Wodi Nzima

Soma Kutoka 35:20–29 na 36:3–7. Ni nani waliotoa, walitoa nini, na Musa alifanya nini sadaka zilipozidi?

Turudi kwa familia yetu ya mfano. Mama amekaa wodini miezi mitatu. Kitanda cha kulia yuko mtoto wa Kiislamu kutoka Tanga. Cha kushoto yuko mtoto wa mkimbizi aliyetoka kambi ya Nyarugusu. Mama anaona kwamba mchango wa kanisa lake unampatia yeye maziwa na matunda, naye jirani yake hana. Anapiga simu kwa mume wake, anasema, “Baba, mkichanga tena, msichange kwa ajili ya mwanetu peke yake. Changeni kwa ajili ya wodi.”

Wengine katika familia hawafurahi. Shangazi anauliza swali la haki: “Tumeuza mbuzi kwa ajili ya mtoto wetu. Je, tuwalishe watoto wa watu wakati wetu hajapona?” Swali hili lisikemewe. Wagalatia 6 inataja mambo mawili pamoja: fungu la 2 linatuagiza kuchukuliana mizigo, na fungu la 5 linasema kila mtu ana furushi lake mwenyewe. Mtume hakuona mgongano. Aliye na mtoto mgonjwa ana wajibu kwake kwanza. Lakini mzigo uliozidi nguvu za nyumba moja ni mzigo wa wote. Familia inaweza kupatana hivi: mahitaji ya mtoto wetu yaandikwe na kutengwa kwanza, na kitakachozidi kipelekwe wodini. Hivyo shangazi hajaibiwa, na jirani hajasahauliwa.

Lakini je, watu wa mwambao wana nini cha kutoa? Wavuvi wa dagaa hutegemea giza la usiku. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Miezi mitatu nyumba nyingi hazikuwa na mapato ya ziwa. Soma 2 Wakorintho 8:1–5, 12. Wakristo wa Makedonia walikuwa katika umaskini mkubwa, nao ndio waliosihi wapewe nafasi ya kushiriki. Paulo anasema kipimo ni kile mtu alicho nacho. Asichokuwa nacho hadaiwi.

Kanisa lenye familia 40, kila familia ikitoa shilingi 2,000 kwa juma, katika majuma 12 litakuwa na shilingi 960,000. Asiye na shilingi ana mafuta ya mawese, muhogo, maharage ya Kasulu, au kahawa ya Kalinzi. Asiye na hivyo ana damu. Watoto wenye saratani huhitaji kuongezewa damu mara kwa mara, na damu haitengenezwi kiwandani. Ziwa likifungwa, mishipa yetu haijafungwa. Kundi la vijana likienda Maweni kutoa damu salama, limemsaidia mgonjwa ambaye pengine halitamjua kamwe.

Wazee wetu wanaijua meli Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilivuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Hakuna mtu ambaye angeweza kuibeba meli. Lakini sanduku moja liliweza kubebwa.

*Tafakari: Sanduku lako ni lipi? Andika jambo moja unaloweza kulitoa hata katika miezi ya upungufu.*


JUMATANO

Sanduku Lenye Tundu

Soma 2 Wafalme 12:9–15. Yehoyada kuhani aliweka utaratibu gani wa fedha? Ni watu wangapi walioshughulika nazo kabla hazijawafikia mafundi?

Makuhani wa siku za Yoashi walikuwa wamepokea fedha kwa miaka mingi, na nyumba ya Bwana ilikuwa bado na mabomoko. Yehoyada hakuhubiri tu; alichukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka mahali pa wazi. Fedha zilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja. Soma pia 2 Wakorintho 8:18–21. Paulo, mtume wa Bwana, hakutaka kubeba mchango peke yake. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia.

Mchango wa mgonjwa huharibika upesi kuliko samaki. Mtu mmoja akikusanya kwa simu yake, pasipo daftari, hata akiwa mwaminifu kama Danieli, maneno yatazuka. Na maneno yakizuka, anayeumia ni mtoto anayefuata, kwa maana watu watafunga mikono. Kwa hiyo yafuatayo yatasaidia:

1. Waombe cheti cha rufaa, na mzee wa kanisa pamoja na shemasi waongee na hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii kabla mchango haujatangazwa.

2. Wachaguliwe watu watatu, mmoja wao akitoka katika familia. Fedha zipokelewe kwa namba moja inayojulikana, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

3. Wodi iulizwe inahitaji nini. Tusipeleke midoli 50 mahali panapohitajika blanketi, wala chakula ambacho daktari hakukiruhusu. Kinga za watoto hawa hupungua kwa sababu ya dawa, na mgeni mwenye mafua anaweza kuwaletea hatari.

4. Ikitosha, itangazwe kwamba imetosha. Musa aliwazuia watu wasilete zaidi. Mchango usiokuwa na mwisho huchosha wema wa watu.

5. Zaka ni ya Bwana, haigeuzwi kuwa harambee. Tusichezeshe bahati nasibu kwa jina la mtoto mgonjwa. Mnada wa mazao ufanyike siku nyingine, si saa za Sabato.

Soma Mathayo 6:1–4. Yesu aliwaonya wanaopiga panda wakitoa sadaka. Siku hizi panda ni simu ya mkononi. Mtoto aliyenyonyoka nywele kwa dawa, aliyevimba uso, hupigwa picha, na picha hiyo huzunguka kila mahali. Atakapopona na kurudi shuleni, wenzake wataionyesha. Wazazi wenye shida hawawezi kukataa kitu mbele ya mwenye mkono wa kutoa. Ndiyo maana mtoaji mwenyewe ajizuie. Mtoto aulizwe kama anataka kupigwa picha, na akisema hapana, iwe hapana. Tazama Yesu nyumbani kwa Yairo: aliwatoa watu nje, akaingia na baba, mama na wanafunzi watatu tu. Chumba cha mtoto mgonjwa hakikuwa mahali pa maonyesho.

*Tafakari: Kanisa lako linatunzaje michango ya wagonjwa? Kama mgeni angeomba kuona daftari, mngemwonyesha bila kusitasita?*


ALHAMISI

Habari Mbaya Ilipofika

Soma Marko 5:35–43. Wajumbe walimwambia Yairo nini? Yesu alimjibu nini kabla Yairo hajasema neno lolote? Baada ya binti kufufuka, Yesu aliagiza nini?

Wajumbe walitaka kumwondolea Yesu usumbufu. Kwao, kifo kilipofika, kazi ilikwisha. Yesu alimgeukia baba kwanza, akamtaka asiogope bali aamini, kisha wakaendelea na safari.

Somo letu lingekuwa la uongo kama lingesema kwamba kila mtoto anayechangiwa hupona. Wengine hufa. Hufa wale walioombewa kwa machozi, waliochangiwa na mwambao mzima, ambao mama zao hawakuondoka kitandani. Katika siku hiyo tusimwambie mama kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Biblia haikuyasema hayo kwa Daudi, ambaye alifunga na kulala chini siku saba, na mtoto akafa. Wala tusimwambie kwamba Mungu alimhitaji malaika mbinguni, kwa maana Neno halisemi hivyo. Soma 1 Wathesalonike 4:13–18. Mtoto amelala, kama Yesu alivyosema juu ya binti Yairo. Hajui tena maumivu, sindano wala kiu. Atakachokisikia baadaye ni sauti ya yule aliyewahi kuushika mkono wa binti wa miaka 12 na kumwambia ainuke. Tumaini hilo ndilo tunalompa mama. Tena tunampa huku tukiketi naye chini, tukipika, tukichota maji.

Kuna swali ambalo familia huona haya kuliuliza: fedha zilizobaki ni za nani? Watu walizitoa kwa ajili ya matibabu, na mgonjwa hayupo. Jambo hili lipangwe tangu mwanzo, wakati wote wana nguvu ya kusema. Tangazo la kwanza la mchango liseme kwamba kitakachobaki, kwa uponyaji au kwa msiba, kitakwenda kwa watoto wa wodi ile ile. Baada ya maziko, daftari lisomwe, na familia ikiweza, mmoja wao apeleke salio. Baba mwenye huzuni hatadaiwa wala kushukiwa. Naye anaweza kuona kwamba upendo wake kwa mwanawe bado una mahali pa kwenda.

Wako pia wanaopona, nao ni wengi kuliko tunavyodhani. Yesu aliagiza binti apewe chakula. Aliyeshinda mauti hakuusahau uji. Muujiza ulikuwa wa Bwana, lakini chakula aliwaachia watu wa nyumbani. Mtoto anayerudi Ujiji baada ya miaka miwili ya dawa anahitaji kula vizuri, kurudi kliniki kwa tarehe zake, na kuingia darasani na wadogo kwake bila kuchekwa. Kanisa lililochanga kwa nguvu mwezi wa kwanza liulize kama bado linakumbuka mwezi wa ishirini na nne.

*Tafakari: Kwa nini ni rahisi kuchangia mwanzo wa ugonjwa kuliko katikati yake? Ni mgonjwa yupi katika kanisa lenu aliyechangiwa zamani, na sasa hakuna anayemtembelea?*


IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma tena Marko 5:21–43 kwa mfululizo, polepole, ukiorodhesha kila mtu aliyehusika: baba, mwanamke, mkutano, wajumbe, wanafunzi watatu, waombolezaji, mama. Jiulize ni nani kati yao aliyekuwa msaada, na ni nani aliyekuwa kizuizi. Mkutano ulimsonga Yesu pande zote, lakini ni mmoja tu aliyegusa kwa imani. Vivyo hivyo twaweza kuwa wengi kando ya mgonjwa, na asiwepo mwenye kumsaidia.

Soma pia Matendo 9:36–42. Wajane walipomlilia Dorkasi hawakutoa hotuba. Walionyesha nguo alizozishona. Idara ya Dorkasi katika makanisa yetu imeitwa kwa jina lake. Ni vema akina mama hawa wajulishwe mapema mtoto anapopewa rufaa, wala wasisubiri tangazo la Sabato.

Familia ya mfano wetu haikuwa tajiri. Ilikuwa na mtumbwi, debe la mawese na mbuzi aliyekwisha uzwa. Lakini siku ile mama aliposema, “Changeni kwa ajili ya wodi,” watoto wasio wake wakawa na mtu wa kuwaombea kwa majina. Kristo hakuwauliza wagonjwa wa Galilaya walikuwa wa ukoo gani kabla ya kuwagusa. Wanaomfuata kandokando ya ziwa letu hawana sababu ya kuuliza.

Maswali ya Kujadili:

1. Jadilini swali la shangazi. Je, ni haki familia iliyouza mali yake itoe sehemu ya mchango kwa watoto wengine? Ni wakati gani ingekuwa vema, na ni wakati gani ingekuwa kumwonea mgonjwa wake?

2. Mshiriki anasema, “Matibabu ni bure, basi hatuna haja ya kuchanga.” Mwingine anasema, “Bila fedha nyingi mtoto atakufa, heri tumbakishe nyumbani tumwombee.” Mtawajibuje wote wawili kwa upole na kwa ukweli?

3. Jirani Mwislamu wa Ujiji ameleta mchango wake kwa ajili ya mtoto wa kanisa lenu. Mmeupokeaje? Je, mko tayari kufanya hivyo kwa ajili ya mtoto wake?

4. Kama darasa, pangeni jambo moja kwa robo hii: kutoa damu Maweni, kulisha nyumba ambayo mama yuko hospitalini mbali, au kupeleka vitu ambavyo wodi imeviomba. Chagueni watu watatu wa kusimamia, na Sabato ya mwisho ya robo daftari lisomwe mbele ya darasa.